Udugu wa Damu na Udugu wa Daftari

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Kayanga

Bwana Mwenyekiti, wazee wa Halmashauri ya chama, ndugu makarani na watumishi wenzetu mliotoka Karagwe na Kyerwa:

Tuliagizwa tuseme juu ya historia ya vyama vya udugu vya watumishi. Wengi hudhani kuwa historia ni maneno ya kupitisha wakati mpaka chai iletwe. Leo sivyo. Mezani pana hoja iliyoletwa na ndugu zetu wa Kyerwa, kwamba chama kigawanywe viwili, na sanduku la misaada na mazishi ligawanywe pia, kila wilaya ichukue fedha zake. Hoja hiyo ni ya haki kuletwa, na mwisho wa mkutano itapigiwa kura. Basi tumeona yafaa kutazama nyuma, tujue waliotutangulia walifungana kwa kamba gani, na kamba hizo zilikatikia wapi.

Na tuanze na udugu uliokuwapo kabla ya kalamu kufika. Katika nchi zetu hizi za magharibi ya Ziwa, Karagwe, Buhaya, Ankole na Buganda, palikuwa na desturi ya kuchanjiana damu, ambayo kwetu yaitwa omukago. Watu wawili wasiokuwa wa ukoo mmoja walipotaka kuwa ndugu, walikaa mbele ya mashahidi, wakachanjwa kidogo tumboni karibu na kitovu. Kisha wakachukua punje mbili za kahawa zilizotoka katika tunda moja. Kila mmoja alitia damu yake katika punje, akampa mwenziwe akaimeza. Tangu siku ile, nyumba ya mmoja ilikuwa nyumba ya mwenziwe. Akija usiku hufunguliwa, akiwa na njaa hulishwa, akifiwa husaidiwa, akidaiwa hulipiwa kama kuna cha kulipia. Na mwenye kumsaliti nduguye wa damu aliogopwa na watu wote, hata na wa ukoo wake mwenyewe.

Twaomba mwone mambo mawili katika desturi hiyo. La kwanza, haikufanywa baina ya ndugu wa tumbo moja, maana hao wamekwisha kuwa ndugu. Ilifanywa na mtu wa mbali: mfanyabiashara, mgeni, mtu wa ukoo mwingine au wa nchi nyingine. Faida yake ilikuwa kuvuka mpaka. Mtu mwenye ndugu wa damu ng'ambo ya mto aliweza kusafiri bila ya kuogopa. La pili, haikufanywa kwa siri. Kiapo kilikuwa na mashahidi, na mashahidi ndio waliokuwa daftari la siku zile.

Nchi hii ya Karagwe ilijua thamani ya kufungamana na watu wa mbali. Mfalme Rumanyika, aliyekaa Bweranyange, alipogombania kiti na nduguye Rogero, alisaidiwa na Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi aliyekuwa na makao yake Unyanyembe. Mwaka 1861 Speke na Grant walipofika walipokelewa kwa heshima, na Stanley akapokelewa vivyo hivyo mwaka 1876. Ndugu wa tumbo moja alikuwa adui, na mgeni akawa msaada. Wazee wetu hawakuyasahau haya. Kwa hiyo hawakupima udugu kwa mpaka wala kwa ukoo peke yake.

Sasa tuje kwa wenye kalamu. Utawala wa Wazungu ulipoingia, pakatokea mtu wa namna mpya, naye ni karani. Kazi yake ilimpeleka mbali na kwao. Leo yuko Tanga, baada ya miaka miwili barua ya uhamisho inamkuta yuko Bukoba, kisha Mwanza, kisha Lindi. Popote afikapo ni mgeni. Hana shamba, hana mjomba, hana wa kumwuguza. Akifa, ni nani atakayemchimbia kaburi? Swali hilo ndilo lililozaa vyama vingi vya miji yetu. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918, vyama vya ngoma ya Beni, Marini na Arinoti, vilienea Tanganyika, navyo vilikuwa na vyeo, sare na michango. Watu waliona ngoma na tarumbeta. Walio ndani waliona zaidi ya hayo: mgonjwa hutazamwa, na maiti huzikwa na wenziwe.

Mwaka 1922, katika mji wa Tanga, Bwana Martin Kayamba na wenziwe waliunda Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Bwana Kayamba alikuwa karani aliyesoma Kiungani, Unguja. Chama chake kilikuwa na nyumba ya kukutania, magazeti ya kusoma, masomo ya jioni na mpira wa miguu. Lakini jambo kubwa kuliko hayo ni kwamba Mwislamu na Mkristo waliketi meza moja, na mtu wa pwani na mtu wa bara wakaitana ndugu. Kwa miaka ile jambo hilo halikuwa dogo. Wakubwa wengi wa Serikali walipendelea kila mtu akae katika kabila lake.

Huku kwetu, mwaka 1924, makarani na wafanyabiashara wa Bukoba walianzisha umoja wa Wahaya, ulioitwa Bukoba Bahaya Union. Miongoni mwa waliokuwa mbele ni Klemens Kiiza, ambaye baadaye alijulikana sana katika biashara ya kahawa. Watu hawa walitaka shule, walitaka maendeleo ya nchi, na waliwasemea wakulima mbele ya watawala juu ya taabu za ardhi ya nyarubanja. Walifanya kazi njema. Lakini jina la chama lilikuwa ukuta wake. Karani aliyehamishiwa Bukoba kutoka Tabora angeingiaje katika umoja wa Wahaya? Kadiri miaka ilivyopita, wenye kuona mbali walielewa kwamba taabu zao hazikuwa za Wahaya peke yao, na Bukoba ikawa na tawi la Chama cha Waafrika, yaani African Association.

Chama hicho cha Waafrika kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1929. Rais wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Cecil Matola, na katibu wake Bwana Kleist Sykes. Chama cha Bwana Kayamba kilikuwa cha watumishi wa Serikali tu. Hiki kilimfungulia mlango kila Mwafrika, awe karani, mwalimu, mchuuzi au fundi. Wanachama walijenga nyumba yao Dar es Salaam kwa michango na kwa mikono yao, ikakamilika mwaka 1933. Katika nyumba hiyo hiyo ndimo ilimozaliwa TANU, tarehe 7 Julai 1954. Ndugu zetu, nyumba ile ilianza kwa watu waliotaka mahali pa kukutana baada ya kazi. Wangaliigawanya kwa makabila, kila mmoja angepata chumba, na nchi isingepata kitu.

Hatuwezi kuacha kusema habari ya mwaka 1931, maana inatuhusu. Bunge la Uingereza lilikuwa likichunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya utawala mmoja. Waafrika watatu wa Tanganyika walikwenda London kutoa ushahidi: Martin Kayamba wa Tanga, Mtemi Makwaia wa Shinyanga, na Francis Lwamugira wa Bukoba. Bwana Lwamugira alikuwa katibu wa baraza la wafalme wa Bukoba, mtu wa kalamu kama sisi. Watu hawa watatu hawakuwa wa kabila moja wala wa mkoa mmoja, lakini walikuwa na neno moja: muungano ule, uliokuwa na sauti kubwa ya masetla wa Kenya, haukuwa na faida kwa Waafrika wa Tanganyika. Muungano ule haukufanywa. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini ushahidi wao ulikuwa mmojawapo.

Tusidhani kwamba njia ilikuwa tambarare. Mtumishi wa Serikali ana bwana, na bwana ana barua za uhamisho. Mwaka 1950 Chama cha Waafrika, ambacho tangu 1948 kiliitwa Tanganyika African Association, kilikuwa na rais mwana wa mkoa wetu huu, Dokta Vedasto Kyaruzi, na katibu wake alikuwa Bwana Abdulwahid Sykes. Dokta Kyaruzi alikuwa daktari wa Serikali. Haukupita muda mrefu akaondolewa Dar es Salaam, akapelekwa Kingolwira, kisha Nzega. Na mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ikakataza watumishi wake wasijiunge na vyama vya siasa. Makarani wengi walilazimika kuchagua baina ya mshahara na chama.

Wengine walibaki katika chama cha watumishi, ambacho siku hizo kiliitwa TAGSA, nacho hakikuwa kitu cha kudharauliwa. Bwana Rashidi Kawawa alikiongoza kabla ya kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka 1955. Wengine waliacha kazi. Wengine walifanya kama tujuavyo makarani hufanya: mchana waliandika barua za Serikali, na usiku waliandika za chama. Kilichowaokoa ni udugu. Aliyehamishwa alimkuta mwenziwe katika mji mpya, mwenye jina lake katika orodha, akampokea mzigo. Serikali ilidhani inawatawanya, kumbe ilikuwa inapanda mbegu.

Kuna udugu mwingine ambao hatuna budi kuutaja, maana jina lake limekuwa kama tusi katika nchi yetu. Wazungu walileta Afrika Mashariki udugu wao wa Freemasons, wenye kukutana katika nyumba zao, wenye viapo na vyeo, na wenye kusaidiana na kutoa sadaka. Mtanzania aliyejulikana sana katika udugu huo ni marehemu Bwana Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyelelewa Bukene katika nchi ya Tabora, ambaye aliuongoza katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi mpaka mwaka 2005. Alifariki mwaka 2017. Yeye mwenyewe alisema waziwazi kuwa ni mwanachama, akaandika na kitabu cha maisha yake. Hata hivyo mitaani kwetu, mtu akipata gari jipya asiloweza kulieleza, husemwa ni Freemason, ametoa kafara. Kwa nini? Kwa sababu mlango ukifungwa, watu waliobaki nje hujaza chumba kwa mawazo yao.

Haya twayasema kwa sababu hata chama kidogo kama chetu hupatwa na ugonjwa huo. Mwanachama asiyeona daftari huanza kunong'ona. Na tuseme kweli, Bwana Mwenyekiti: nusu ya hoja ya Kyerwa ni minong'ono hiyo, na minong'ono hiyo si dhambi yao. Daftari limekaa Kayanga siku zote, na walio mbali hulisikia likisomwa mara moja kwa mwaka.

Basi tuje kwetu. Chama chetu kilipoanza, wilaya ilikuwa moja. Ukifungua daftari la kwanza la michango, lenye jalada jeusi lililoliwa na mende pembeni, utakuta majina yameandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule, na mbele ya kila jina pameandikwa kazi na mahali: karani wa mahakama, mganga msaidizi, bwana shamba, tarishi, mpiga chapa, Nyaishozi, Kaisho, Nkwenda, Murongo, Bweranyange, Isingiro. Hapana safu ya kabila wala ya dini. Aliyepiga mistari ya daftari lile hakuona haja nayo. Na mmoja wa wale wa kwanza kuzikwa kwa fedha za sanduku hakuwa mtu wa Kagera kabisa; alikuwa tarishi aliyeletwa na uhamisho kutoka mbali, na jamaa zake walipofika walikuta kaburi limekwisha kujengewa.

Kisha zikaja taabu zilizoupima udugu huo. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani, daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wakakimbia wakiwa na watoto mgongoni. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa katika mkoa huu wa Kagera, na miaka iliyofuata ilikuwa ya mazishi juu ya mazishi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Karagwe. Katika miaka hiyo yote, vijiji vyetu vilishikwa na vyama vya kusaidiana. Neno lenyewe la kwetu, okujuna, maana yake ni kusaidia na kuokoa. Mwanamke huleta ndizi, mwanamume huleta kuni, kijana huteka maji, na asiyekuja kwa mwenziwe hujua kwamba siku yake itafika naye atajikuta peke yake. Hayo ndiyo tuliyoyarithi sisi wenye kalamu. Tuliyaweka tu katika safu za shilingi na senti.

Mwaka 2012 wilaya ya Kyerwa ikakatwa kutoka Karagwe. Lilikuwa jambo jema. Huduma zilisogea karibu, na mtu wa Murongo hakulazimika tena kuja Kayanga kwa kila karatasi. Lakini mpaka wa utawala ni kitu kimoja, na mpaka wa msaada ni kitu kingine. Tazameni chama kikuu cha ushirika cha KDCU, kilichoundwa mwaka 1990. Wilaya ilipogawanywa, chama hicho hakikukatwa vipande; kimeendelea kukusanya kahawa ya wakulima wa Karagwe na ya wakulima wa Kyerwa. Mkulima wa Nkwenda na mkulima wa Ihembe wamejua kwamba mnunuzi humheshimu mwenye magunia mengi.

Na sanduku la mazishi lafuata hesabu hiyo hiyo. Sanduku dogo huvunjwa na misiba miwili ikifuatana. Wanachama mia moja wakifiwa mara tatu katika mwezi mmoja, kila mmoja hutoa kidogo. Wanachama thelathini wakifiwa mara tatu, ama watoe mara tatu zaidi, ama wa tatu azikwe kwa deni. Wala kifo hakiendi kwa zamu ya wilaya. Mwaka huu chaweza kukaa Kyerwa, mwaka ujao kikahamia Karagwe bila ya barua ya uhamisho.

Lakini hatukuja kuwaambia ndugu wa Kyerwa kwamba malalamiko yao ni bure. Wao husema mikutano yote hufanywa Kayanga, na nauli hula mchango. Ni kweli. Husema watia sahihi wote wa benki ni watu wa upande mmoja. Ni kweli. Husema kwamba mwenzetu alipofiwa huko Murongo, fedha zilifika baada ya matanga kuondolewa, na waliofika kuzika walihesabika kwa vidole. Hilo ni kweli pia, nalo latuumiza kuliko yote, maana chama cha mazishi kinachochelewa kaburini kimeshindwa kazi yake moja. Mtu aliyetendewa hivyo akiomba kuondoka, si mkorofi. Anaomba alichoahidiwa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twapendekeza hivi. Pawe na matawi mawili, la Karagwe na la Kyerwa, kila moja na mwenyekiti wake na katibu wake, na kila moja liwe na akiba ndogo ya msiba ya kutolewa siku ile ile, bila ya kungoja sahihi ya Kayanga. Lakini sanduku kubwa libaki moja. Watia sahihi wawe wanne, wawili kila upande, na fedha zisitoke bila ya sahihi ya pande zote mbili. Mkutano mkuu ufanywe kwa zamu, mwaka mmoja Karagwe, mwaka mmoja Kyerwa. Na hesabu zirudufiwe kila miezi mitatu katika karatasi zetu hizi, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi, ili kila mwanachama awe shahidi. Mjumbe aliye mbali asilazimike kutuamini kwa maneno.

Wazee wetu walichukua punje mbili kutoka tunda moja. Hawakusema punje zile ni moja. Kila mmoja alishika yake, akampa mwenziwe. Matawi mawili na sanduku moja ni jambo la namna hiyo.

Tunajua kwamba wengine kati yenu mmekwisha kukata shauri kabla ya kuingia humu. Hatuwaombi mtupigie kura kwa sababu ya maneno yetu. Twaomba kabla ya kura daftari jeusi lipitishwe mkono kwa mkono, kila mmoja alishike, asome majina ya mahali yaliyomo. Kisha Katibu asome hesabu yote ya sanduku, pamoja na siku ambayo fedha za Murongo zilitolewa na siku zilipofika. Baada ya hayo mpige kura, na sisi tutaandika matokeo kama yatakavyokuwa.